Kwa nini wazee wa Mtwara na Lindi huliita pori "kwetu"?

Ukipanda gari na mzee kutoka Masasi kwenda Newala, kuna mahali atanyoosha kidole dirishani na kusema, "Kwetu pale." Utatazama na hutaona nyumba. Utaona vichaka, miembe mitatu mikubwa iliyosimama karibu karibu, na mikorosho iliyosongwa na nyasi. Mzee huyo ana nyumba ya bati kijijini na ameishi humo karibu miaka 50, lakini ukimuuliza kwao ni wapi, anakupeleka porini.

Mahali kama hapo huitwa mahame, yaani makazi yaliyohamwa. Bibi yangu alinipeleka kwenye mahame yao nilipokuwa darasa la sita. Mimi niliona majani tu. Yeye alikuwa anatembea ndani ya nyumba. "Hapa jikoni, mume wangu. Hapa mama alikuwa anatwangia. Usikanyage hapo, amelala kaka yangu." Sikuelewa kwa nini watu waliopapenda mahali namna ile walipaacha.

Waliambiwa wahame. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri, na kazi iwe imekamilika kufikia mwisho wa 1976. Hiyo ndiyo Operesheni Vijiji. Huku kusini watu walianza kukusanywa mapema zaidi, kwa sababu ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Msumbiji, wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa wakipigana na Wareno tangu 1964, na kaya zilizotawanyika karibu na mpaka zilikuwa ngumu kuzilinda. Nia ya serikali ilikuwa shule, zahanati na maji, navyo huwezi kumpelekea mtu mmoja mmoja porini. Bibi mwenyewe anakiri kwamba bila kijiji watoto wake wasingesoma. Hata hivyo hasahau mgambo waliosimama mlangoni wakati wanafungasha.

Lakini kwa nini walikuwa wametawanyika tangu mwanzo? Hapa ndipo wengi hukosea na kudhani ni ushamba. Karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita kusini ikielekea Kilwa Kivinje na Lindi, na mwaka 1882 mashambulizi ya Wangoni, ambao wazee wa huku huwaita Magwangwara, yalifika hadi Masasi. Wamakonde walijikinga kwa kupanda juu kwenye uwanda wao, ndani ya vichaka vizito, wakikubali adha ya kushuka bondeni kufuata maji. Kukaa mbalimbali kulikuwa ulinzi: adui akivamia boma moja, la pili linapata muda wa kukimbia. Kizazi kilichohamishwa miaka ya 1970 kilikuwa kimelelewa na watu wenye kumbukumbu hizo, kisha kikaambiwa kijipange kwa mstari kando ya barabara.

Na walichokiacha nyuma hakikuwa kuta za udongo tu. Kilikuwa miti. Kwa desturi za huku, ardhi isiyo na mti wa kudumu ni pori la ukoo. Ukishapanda mkorosho au mwembe, pana mwenyewe. Mti ndio hati. Ndiyo sababu miembe ya mahame bado ina majina ya watu, na mjukuu anaoneshwa mmoja mmoja.

Sasa mkorosho si mti wa kuuacha peke yake. Korosho haichumwi, huokotwa. Bibo likiiva linaanguka pamoja na korosho yake, nawe unapita chini kukusanya. Nyasi zikiwa juu huoni kitu, kwa hiyo lazima ufyeke kabla ya msimu. Mtu aliyehamishiwa mwendo wa saa mbili au tatu kutoka shambani hafyeki kama zamani. Nyasi zinakauka, moto wa kiangazi unapita, mikorosho inaungua. Ukaongezeka ugonjwa wa ubwiriunga unaokausha maua, na bei isiyolipa jasho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takribani tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Tunapolisoma anguko hilo kama hesabu ya uchumi, tukumbuke kwamba sehemu yake ni wazee wetu hawa, wakiwa vijana wenye nguvu, wakiangalia kwa mbali moshi ukipanda kutoka mashamba waliyoyapanda na baba zao.

Mengine tunayoyaona kwao yana mizizi ya namna hiyo hiyo. Bibi hawezi kulala kama hakuna makopa, yaani mihogo mikavu, darini, hata duka likiwa mlango wa pili, na anajua ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa, inachimbwa wapi. Aliyemfundisha ni bibi yake, na kizazi kile kilikumbuka njaa ya baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala. Mzee mwingine husikia tangazo la mradi mkubwa na kunyamaza tu. Huyo utotoni aliona Waingereza wakileta matrekta Nachingwea kulima karanga na kujenga reli hadi Mtwara. Mpango wa karanga ukaachwa 1951, reli ikafungwa 1962, na mataruma yakang'olewa. Kunyamaza kwake mimi nakuheshimu.

Siku hizi vijana tunarudi kwenye mahame. Korosho ina bei, miche bora inatoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, na wataalamu wanashauri kukata mikorosho iliyozeeka ili kupanda mipya. Ushauri ni mzuri, nami niliupeleka kwa bibi kwa furaha. Miche aliipokea, akachagua mwenyewe pa kuipanda. Ila mkorosho mmoja mkongwe, ulio pembeni kabisa na usiozaa hata debe, alikataa usiguswe. Nilipombishia akaniuliza:

"Wakija tena kuuliza shamba hili la nani, mume wangu, utawaonesha nini?"