Je, wajua kwa nini hesabu ya kutoa inaeleweka zaidi mtoto akishika vijiti?

Mpe mtoto wa darasa la pili 42 toa 17, wengi watakuandikia 35. Na mtoto huyo hajabahatisha, ana njia yake kichwani: kwenye mamoja kaona 2 na 7, akachukua kubwa akatoa ndogo akapata 5, makumi nayo 4 toa 1 ni 3, kamaliza. Hajajua bado kwamba hiyo 4 ni arobaini nzima.

Sasa mpe vijiti, mafungu manne ya kumi kumi yaliyofungwa kwa raba na viwili vya pembeni, mwambie atoe 17. Atatafuta saba, ataona vipo viwili tu, atakwama na kukuangalia, na hapo ndo somo linapoanza kwahiyo usimwambie haraka! Akivuta raba mwenyewe akafungua fungu moja, vile viwili vinakuwa 12, anatoa 7 vinabaki 5, mafungu yamebaki matatu anatoa moja, 25. Ile "kopa kumi kwa jirani" aliyokuwa anakariri tu, sasa kaifanya kwa mkono wake.

Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1966 kwamba tunashika jambo kwa kutenda, kwa picha, na kwa alama kama namba. Shuleni mara nyingi tunarukia alama. Lakini vijiti peke yake havitoshi, akifungua fungu aandike palepale, 4 aikate iwe 3 na 2 iwe 12, siku nyingine achore mistari badala ya vijiti, namba tupu zije baadaye.

Kinachoniuma ni kuona mwalimu ndo kashika zana mbele na darasa zima linatazama. Jamani njiti za ufagio wa chelewa au mabua ni bure! Wakae watatu watatu, mmoja afungue, mmoja aandike, mmoja aseme kwa sauti kinachotokea, halafu wabadilishane. Kelele zitakuwepo, ni sawa kabisa. Na visiwe vitu vya kuvutia sana kama midoli, mtoto atacheza navyo asahau hesabu.

Vijiti viachwe lini? Mpe 61 toa 24 bila kijiti hata kimoja, akipata 37 muulize ile 11 aliyoandika juu imetoka wapi. Akikwambia "nimefungua kumi moja", viweke tu kabatini.