Uandishi haufundishwi? Njoo tuhesabu mizani

Kila nikitaja kazi yangu, kwamba nahariri hadithi na jioni mbili kwa wiki nafundisha uandishi bunifu hapa Dar es Salaam, hakosi mtu wa kuniambia kuwa uandishi ni kipaji na haufundishwi. Wa mwisho alikuwa dereva wa bajaji, tumekwama kwenye foleni ya Ubungo. Nikamuuliza kama yeye udereva alizaliwa nao. Akacheka. "Lakini mama, barabara ni ya wote. Hadithi inatoka kichwani mwa mtu."

Amenishinda kidogo, nakiri. Kilichomo kichwani siwezi kukitia mimi. Ninachofundisha ni namna ya kukitoa humo bila kukivunja njiani.

Kinachonishangaza ni kwamba shaka hii tunayo sisi Waswahili, watu ambao ushairi wao umekuwa ukifundishwa tangu zamani. Mshairi mchanga alikaa na mkongwe, akapeleka beti zake, zikahesabiwa, zikarudishwa. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kwanza anakupa kanuni, kisha mashairi yake mwenyewe uone kama anazifuata. Mtu huyohuyo baadaye akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria. Hakuona haya kuandika kitabu cha kufundisha jambo ambalo eti halifundishiki.

Darasani huwa naanza na mizani, yaani hesabu ya silabi katika mshororo, hata kwa wale waliokuja kujifunza riwaya. Wananuna. Muhula uliopita kijana mmoja aliandika mshororo huu:

Nyumba yetu ya mabati, mvua ikinyesha hulia

Ukwapi, yaani kipande cha kwanza, umekaa sawa, mizani nane. Utao, kipande cha pili, una tisa, maana "mvua" ni mbili, mvu-a, ile m ya mwanzo haihesabiwi peke yake. Moja imezidi. Akahangaika nayo dakika ishirini nzima, mara abadilishe "hulia", mara aitoe mvua yenyewe. Mwishowe akaandika:

Nyumba yetu ya mabati, ikija mvua hulia

Nane kwa nane. Nikamuuliza ametupa nini. Akatazama, akasema, "Kunyesha." Tukacheka wote, kwa sababu mvua ikija hufanya nini kingine? Neno lile lilikuwa limekaa bure, na macho yake yasingeliona kamwe kama hesabu isingemkaba. Mtu akishaonja hilo mara moja, anaanza kuyaona maneno ya bure hata kwenye nathari, ambako hakuna wa kumhesabia.

Na nathari ndiyo tuliyoiacha yatima. Shuleni tulifundishwa kuchambua riwaya: dhamira, ujumbe, wahusika, mandhari. Tukafaulu mitihani. Hakuna aliyetuambia sentensi ya hadithi inaendaje. Matokeo yake nayapokea kila wiki kwenye barua pepe:

"Mzee alifungua mlango. Alitazama nje. Alimwona paka. Alirudi ndani."

Sarufi haina kosa. Lakini mwambie bibi yako akusimulie habari hiyo, uone kama atasema hivyo. Atasema: mzee alifungua mlango, akatazama nje, akamwona paka, akarudi ndani. Ile -li- inapiga hema mara moja, kisha -ka- inatembea. Mwandishi anayerudia -li- kila sentensi anapiga hema na kulikunja kila hatua mbili, na msomaji anachoka bila kujua kimemchosha nini. Nadhani wengi wameipata tabia hii kwenye vitabu vya tafsiri, ila siwezi kuapa.

Sasa raha inaanza hapa. Ukishajua kuwa -ka- inatembea, unaweza kuisimamisha kwa makusudi. "Mzee alifungua mlango, akatazama nje. Paka alikuwa amelala juu ya viatu vyake." Hapo mwendo umekatika, na jicho la msomaji limeganda pale lilipoganda la mzee. Au unaandika msiba, unataka kila tendo liwe zito kama jiwe: "Alikuja. Alikaa. Hakusema neno." Hapo -li- zinazofuatana ni dawa. Tofauti kati ya yule wa kwanza na huyu ni kwamba huyu amechagua. Nikitumia saa mbili nzima kwenye silabi moja ya katikati ya kitenzi, wanafunzi hudhani nimechanganyikiwa. Wiki inayofuata wanaleta kurasa zinazotembea.

Kuna na ile a- yetu, isiyojali mwanamume wala mwanamke. "Juma alimwambia Hamisi kwamba amemchoka." Nani kamchoka nani? Usikimbilie kurudia majina, itakuwa kama taarifa ya polisi. Lugha imekupa kaka mtu, shemeji, mwenye duka, yule mkubwa. Imekupa pia zawadi nyingine. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kurasa sita za dereva wa bodaboda anayekimbiza mgonjwa usiku, na sote tukamwona mwanamume kichwani, hadi nesi alipofungua mlango na kusema, "Mama Aisha, leo tena?" Hakudanganya popote. Ni sisi tuliojidanganya, na Kiswahili kikatuacha.

Wengine huniambia kanuni zinaua ubunifu, na mfano wao ni mshairi na mwandishi wa riwaya Euphrase Kezilahabi, aliyeachana na vina na mizani miaka ya 1970 na kuwasha moto ambao mpaka leo haujazimika vizuri. Sawa. Lakini Kezilahabi alisoma fasihi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafundisha hapohapo, na tasnifu yake ya uzamili ilihusu riwaya za Shaaban Robert. Alijua vizuri nyumba aliyokuwa anaitoka.

Pesa? Zipo kidogo, zimetawanyika: tamthilia za televisheni, vitabu vya watoto, simulizi zinazouzwa sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp. Ipo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na kila mwisho wa kupokea miswada ukikaribia simu yangu hailali. Sitakudanganya zaidi ya hapo.

Kitu ambacho huwezi kukipata peke yako chumbani ni wasomaji wa kukuambia ukweli. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walikuwa na Penpoint, jarida la wanafunzi wa Idara ya Kiingereza lililoanza 1958, na Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha humo hadithi zake za mwanzo. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Iowa kina warsha ya uandishi tangu 1936, na waandishi wengi wameiga utaratibu wake: kazi inasomwa, wenzako wanazungumza, wewe mwenye kazi unanyamaza.

Utaratibu huo ukiuleta Dar es Salaam unakutana na shikamoo. Nilikuwa na mwalimu mstaafu, karibu miaka sabini, ameleta riwaya ya kijiji chao. Kijana wa miaka ishirini na mbili atamwambiaje mzee kwamba amechosha? Wiki mbili za kwanza walimsifu tu, na sifa zile hazikumfaa kitu. Nikaweka sharti: hatuzungumzi juu ya mwandishi, tunazungumza juu ya ukurasa, na kila mtu aseme ni wapi hasa alipotea au alitaka kulala. Binti mmoja akakohoa, akasema, "Mwalimu, shikamoo. Mimi ukurasa wa kwanza na wa pili nilikuwa natafuta hadithi iko wapi. Nimeipata wa tatu, pale ng'ombe anapoingia kanisani."

"Marahaba," akajibu mzee. Kisha akanyamaza kama sharti linavyotaka, akiuma kalamu.

Baada ya wiki mbili akarudi, na ng'ombe yuko kwenye sentensi ya kwanza. Darasa likapiga makofi. Wakati wa kutoka akanivuta pembeni, ameshika zile kurasa mbili za historia ya kijiji zilizokatwa, akauliza kama haziwezi kuwekwa mwishoni. Nikamwambia hapana. Akazikunja vizuri, akazitia mfuko wa shati. "Basi hizi naanzia nyingine."