Kila nukta ina mwenyewe: kusoma grafu ya mtawanyiko

Mtu akionyeshwa grafu ya mtawanyiko, jicho lake hukimbilia kundi zima: nukta zinapanda, zinashuka, au zimezagaa tu. Katika kazi yetu ya takwimu tunawaomba watu waanze kwingine. Chagua nukta moja, uiulize: wewe ni nani?

Tuseme tumewauliza wafanyakazi wa ofisi moja mambo mawili: unakaa umbali gani na kazini, na unatumia muda gani njiani. Kilomita tumeziweka kwenye mhimili mlalo, dakika kwenye mhimili wima, na kila mfanyakazi ni nukta moja. Weka kidole kwenye nukta mojawapo. Shuka nayo moja kwa moja hadi chini: kilomita 4. Rudi pale pale, kisha nenda kushoto: dakika 48. Huyo anakwenda kilomita 5 kwa saa, bila shaka anatembea kwa miguu. Upande wa kulia, kwenye kimo kile kile, kuna nukta nyingine: kilomita 16, dakika 48. Hawa wawili wanatumia muda sawa njiani, lakini mmoja anakaa mbali mara nne kuliko mwenzake.

Hapa ndipo wengi hukosea, wakubwa kwa wadogo. Wanaisoma grafu kama ramani, au wanadhani nukta iliyo juu ndiyo ya aliyefanya vizuri. Juu ya nini? Kwenye grafu hii, aliye juu ni yule anayekaa njiani muda mrefu zaidi. Kabla hujasema lolote, soma majina ya mihimili na vipimo vyake.

Sasa vuta mstari kutoka sifuri, pale mihimili inapokutana, hadi kwenye nukta ya yule wa kilomita 16. Utaona mstari huo umepita pia kwenye nukta ya mtu wa kilomita 5 na dakika 15. Wote wawili wanakwenda kilomita 20 kwa saa. Kasi yenyewe hatukumuuliza mtu, ila imo humo ndani ya grafu. Mstari wa yule anayetembea umesimama zaidi, kwa sababu kila kilomita inamlia dakika nyingi. Mimi naona huu ndio utamu wa grafu hizi: habari mbili ulizoziandika zinakupa ya tatu bure.

Ukishazijua nukta mojamoja, litazame kundi. Kwa jumla, anayekaa mbali hutumia muda mrefu zaidi. Nukta iliyojitenga usiifute upesi. Huenda namba iliandikwa vibaya, lakini huenda pia ni mtu ambaye barabara yake ina foleni kila asubuhi, na huyo ana jambo la kutuambia.

Kuacha nukta nje kuna hatari yake. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, huko Marekani, wahandisi na viongozi walijadili kama baridi inaweza kudhuru pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi za chombo cha anga za juu kiitwacho Challenger. Safari zilizolinganishwa ni zile tu ambazo pete ziliwahi kupata hitilafu. Ukizipanga hizo peke yake, hitilafu zinaonekana siku za baridi na siku za joto pia, hivyo baridi haionekani kuwa na kosa. Chombo kiliruhusiwa kuruka. Kililipuka sekunde 73 baada ya kuondoka, na wote 7 waliokuwa ndani wakafariki.

Tume iliyochunguza ajali hiyo ilizirudisha kwenye grafu safari ambazo pete hazikupata hitilafu. Katika safari 20 zilizofanyika kwenye nyuzi 19 hivi za Selsiasi au zaidi, 3 tu ndizo zilizokuwa na hitilafu. Safari za nyuzi 17 hivi au chini yake zilikuwa 4, na zote 4 zilipata hitilafu. Safari ya baridi kuliko zote ilikuwa ya nyuzi 12 hivi. Asubuhi ya Challenger ilitabiriwa kuwa na baridi ya chini ya sifuri, upande wa kushoto kabisa wa grafu, mahali ambapo hapakuwa na nukta hata moja.