Kabla ya kuovakloki kompyuta uliyoiunga mwenyewe, yaani kuiongezea kasi kupita ya kiwandani, geuza pawa saplai usome lebo

Kwenye karakana yetu ya mafunzo tunapokea sana vijana ambao ndo wameunga kompyuta yao ya kwanza kwa mikono yao wenyewe, na malalamiko karibu kila siku ni yaleyale: mwalimu, nikiandika haina shida, nikiangalia video haina shida, nikifungua gemu tu inazima, giza, alafu inajiwasha yenyewe kama hakuna kilichotokea. Wengi wanakuja wamebeba kadi ya picha mkononi wakiamini imekufa. Mimi kadi naiweka pembeni kwanza, naomba nione pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme kwa kompyuta nzima.

Majuzi kijana mmoja kaniletea ya kwake. Ubavuni imeandikwa 600W kwa maandishi makubwa kabisa, nikaigeuza nikatafuta lile jedwali dogo la volti na ampea ambalo watu hawalisomi, kwenye safu ya +12V pameandikwa ampea 25. Sasa chukua kalamu. Wati ni volti mara ampea, kwa hiyo 12 mara 25 unapata 300. Na prosesa na kadi ya picha, ambazo ndo zinakula umeme kuliko vitu vyote mle ndani, karibu umeme wao wote zinauvuta kwenye hiyo laini ya volti 12, zile wati nyingine za kwenye tangazo zimejazwa kwenye laini za 5 na 3.3 ambazo kompyuta za siku hizi zinazigusa kidogo tu. Yaani kijana kanunua 600 akapata 300, kadi yake peke yake inataka 220, prosesa inataka zaidi ya 100, hapo mashine itaachaje kuzima? Pawa saplai ya 600 ya kweli utaikuta na ampea 49 au 50 kwenye laini ya 12. Hicho ndo kitu cha kwanza cha kuangalia, kabla ya rangi, kabla ya taa.

Kupiga hesabu yako si ngumu. Chukua wati za prosesa, jumlisha za kadi, ongeza kama 60 au 70 za mazabodi, ramu, diski na feni, alafu usinunue inayotosha kwa kubana, acha nafasi ya theluthi moja au zaidi. Sababu ya kuacha nafasi ni kwamba kadi za picha hazivuti umeme kwa utulivu, kadi ya wati 300 inaweza kuruka kwa milisekunde chache ikakaribia mara mbili ya hapo, wewe hutaona kitu kwenye programu ya kupima ila ulinzi wa pawa saplai unaona na unakata. Hii ishu ilikuwa kubwa mpaka kwenye kiwango cha pawa saplai cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 ikaandikwa kabisa, kwamba pawa saplai kubwa zenye kile kiunganishi kipya cha kadi zivumilie mruko wa mara mbili ya wati zake kwa maikrosekunde 100.

Na hii beji ya 80 PLUS, alama ya ufanisi inayobandikwa kwenye pawa saplai, watu wanaielewa vibaya sana. Haimaanishi kwamba ukinunua wati 600 unapata asilimia 80 yake, hapana, 600 unazipata zote, ila ukutani itavuta zaidi kwa sababu sehemu ya umeme inapotea kama joto. Ikiwa ufanisi ni asilimia 90, kutoa 600 itavuta kama 667 kwenye soketi. Beji inakuambia upotevu wa umeme, haikuambii ubora wa kapasita wala kama ulinzi wa shoti umo.

Kebo sasa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini maana nimeona mtu akilia. Pawa saplai ambazo kebo zake zinachomoka, kebo za kampuni moja usizitumie kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine hata kama zinaingia vizuri. Upande wa diski pini zinafanana kwa sababu kuna kiwango, ila upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka yeye, volti 12 inaweza kutua palipotakiwa volti 5. Kijana alibadilisha pawa saplai akaacha kebo za zamani kwa sababu alishazipanga zikapendeza, akawasha mara moja tu, diski mbili zikaungua hapohapo na picha zote za familia zikaenda. Vilevile plagi ya pini 8 ya prosesa na ile ya pini 8 ya kadi zinafanana kwa macho ila chanya na hasi zimekaa kinyume, ikigoma kuingia usiisukume kwa nguvu, jiulize kwanza umeshika ipi. Kadi ikiwa na matundu mawili ya pini 8 tumia kebo mbili tofauti, kila moja imepangiwa wati 150. Ila kile kiunganishi kipya cha 12VHPWR chenyewe kisukume mpaka mwisho kabisa, mwaka 2022 baadhi ya kadi za RTX 4090 viunganishi viliyeyuka na nyingi ilikuwa plagi haijakaa sawasawa. Na pawa saplai usiifungue ndani, kapasita kubwa ya mle inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Tuje kwenye ovakloki. Kasi ya prosesa ni saa ya msingi, yaani mapigo ya mazabodi ya megahezi 100, mara kizidishi, ukiweka kizidishi 40 unapata gigahezi 4, ukiweka 44 unapata 4.4. Kinachowaponza watu ni volti. Umeme unaoliwa unapanda sambamba na kasi, lakini kwa volti unapanda kwa kipeo cha pili. Chukulia prosesa ya wati 100 kwenye gigahezi 4 kwa volti 1.20, ukaipeleka 4.4 na ili isigande ukaipa volti 1.35, kasi umeongeza asilimia 10 tu ila umeme umefika kama wati 139. Hizo 39 zote ni joto jipya juu ya kipozeo chako, na zinapita kwenye mazabodi na kwenye ile pawa saplai ya ampea 25.

Volti nyingi pia inaua polepole. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa zao za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani zilikuwa zinapewa volti kubwa kupita kiasi, zikaanza kuyumba, na nyingi mwenyewe hakuwa ameovakloki chochote. Marekebisho yalikuja kwa njia ya BIOS, ile programu ya msingi iliyomo kwenye mazabodi, ila prosesa iliyokwisha kuumia haikupona. Kwa hiyo sasisha BIOS kwanza.

Ushauri wangu kwa anayeanza, mwezi wa kwanza iache kama ilivyotoka kiwandani, washa XMP au EXPO ya ramu tu, ile setingi ya BIOS inayoipa ramu kasi iliyoandikwa juu yake, maana ramu ya DDR4 iliyoandikwa 3200 mara nyingi itatembea 2133 au 2400 mpaka uiruhusu, alafu ipime na programu ya MemTest86. Baada ya hapo ukitaka kuigusa prosesa, panda hatua moja ya kizidishi, volti usiiache kwenye oto kwa sababu mazabodi nyingi zinamimina tu, ikamue nusu saa kwa programu ya majaribio kama Prime95 au OCCT huku programu ya HWiNFO iko wazi unaangalia joto. Mimi nikiona imepita nyuzi 85 narudi nyuma. Ikiganda rudi hatua moja. Ikigoma kuwaka kabisa usipaniki, chomoa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032 dakika chache, rudisha, setingi zitaanza upya.

Yule kijana wa ampea 25 tulimfungia nyingine yenye ampea 50, na kadi ileile aliyokuja ameibeba akisema imekufa. Gemu ilikimbia saa mbili mezani kwetu haijazima hata mara moja. Akaniuliza sasa naweza kuovakloki, tukafungua pamoja tukasoma jina la prosesa yake, ni ya Intel na mwishoni haina herufi K, yaani kizidishi chake kimefungwa, hakipandishwi.