Halmashauri ni nani hasa?

Barua ilikuwa na kila kitu. Anwani kulia, tarehe, kisha "Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Mji", kisha herufi kubwa zenye mstari chini yake: YAH: MAOMBI YA MABATI YA KUEZEKEA MADARASA MAWILI. Nikaanza kama walivyotufundisha, husika na kichwa cha habari hapo juu. Ilikuwa Desemba, shule imefungwa, mwalimu mkuu kaenda likizo kwao, na wazazi walikuwa wameshapandisha kuta kwa tofali za kuchoma walizochangia wenyewe. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee wa rika la baba yangu, alinitaka niisome mara mbili kwa sauti, akasaini. Baada ya wiki tatu barua ikarudi, pembeni imeandikwa kwa wino mwekundu: shule hii haimo katika halmashauri hii.

Wa kulaumiwa nilikuwa mimi. Shule iko nje kidogo ya mji. Ukisimama uwanjani kwake unaona minara ya simu ya mjini, na nusu ya watoto wake hurudi mjini jioni. Lakini mpaka unapita katikati ya mikorosho, kabla hujafika shuleni.

"Kwani mwanangu," mzee akaniuliza, "halmashauri si ile ile?"

Si ile ile, ila swali lake ni la haki kabisa, maana neno lenyewe tunalibebesha mizigo mingi. Ndani yake kuna shauri: halmashauri ni watu waliokaa kushauriana kwa niaba ya wengine. Ndiyo maana CCM ina Halmashauri Kuu, kijiji kina halmashauri ya kijiji, na Wakatoliki parokiani wana halmashauri ya walei. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni jengo. Lakini huku kwetu Mtwara, kusini mwa Tanzania, mtu akikwambia mjini Masasi au Newala kwamba "anakwenda halmashauri", anamaanisha jengo lenye bendera na magari yenye namba za SM, na "halmashauri wamekataa" kwake ni karani aliyemwambia arudi Jumatatu.

Kisheria, halmashauri ni baraza la madiwani. Diwani mmoja kutoka kila kata, madiwani wanawake wa viti maalumu, na mbunge wa jimbo. Watu hawa wakikaa pamoja ndiyo serikali ya mtaa ya eneo hilo, na kwa pamoja sheria inawatambua kama mtu mmoja: anaweza kumiliki shule, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Mkurugenzi hateuliwi nao, anateuliwa na Rais, na ndani ya baraza yeye ni katibu. Idara zote zilizo chini yake, elimu, afya, ardhi, kilimo, ni mikono ya kutekeleza yaliyopitishwa. Hayo ndiyo maandishi. Kwa uzoefu wangu katibu anayeshika faili, bajeti na ufunguo wa gari ana nguvu kuliko jina la cheo linavyoonyesha, na diwani asiyesoma makabrasha atagongewa meza apitishe asichokijua.

Kikao cha baraza hukaa walau kila miezi mitatu, na ni cha wazi. Watu wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Ukienda utaona madiwani wamevaa majoho, sala inasomwa, mwenyekiti anaita kata moja baada ya nyingine, na wataalamu wamepangwa upande mmoja na mafaili yao wakisubiri kuulizwa. Huruhusiwi kuzungumza, ila unaweza kusikia kama diwani wako ametaja darasa lako au amekaa kimya hadi chakula cha mchana.

Sasa ule mpaka wa kwenye mikorosho. Sheria mbili za mwaka 1982 ndizo zilizotugawa: Na. 7 inahusu mamlaka za wilaya, Na. 8 inahusu mamlaka za miji. Mji mdogo ukikua, hukatwa kutoka halmashauri ya wilaya na kupewa halmashauri yake, na wilaya inabaki ile ile. Mkoa wa Mtwara una wilaya tano lakini halmashauri tisa. Wilaya ya Masasi ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya, Newala vivyo hivyo, na Wilaya ya Mtwara ina tatu: Manispaa ya Mtwara Mikindani, Mji wa Nanyamba, na Halmashauri ya Wilaya. Tandahimba na Nanyumbu zina moja moja, kwa hiyo huko huwezi kupotea kama nilivyopotea mimi. Lindi nako, ukitoa Manispaa na Mtama zilizo katika wilaya moja, Kilwa, Ruangwa, Nachingwea na Liwale kila wilaya ina halmashauri moja tu.

Na hapo bado hujamkuta Mkuu wa Wilaya. Yeye ni wa Serikali Kuu, mwakilishi wa Rais, na wilaya moja ina mmoja tu hata kama halmashauri ni tatu. Wazee huku kusini wanasema "bomani", neno lililobaki tangu Wajerumani walipojenga maboma yao Lindi, Mikindani na Newala, na kwao bomani ni serikali nzima, ya kodi, ya shule na ya kufungwa. Vijana nao wamejiletea mkanganyiko wao: "DC" ni Mkuu wa Wilaya na "DC" hiyo hiyo ni halmashauri ya wilaya. Nimeshasikia mtu akisema "DC amemwagiza DC" na waliokuwepo wote wakaelewa.

Mkanganyiko huu una historia. Mwaka 1972 Serikali ilizifuta halmashauri za wilaya, ikaleta mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, ambao kwa vitendo ulipeleka mikoani maofisa wa wizara badala ya wawakilishi wa watu. Miji ilirudishiwa mamlaka zake mwaka 1978 hali ya usafi na barabara ilipokuwa mbaya, na halmashauri zote zikasimama tena mwaka 1984. Leo Katiba inazitaja katika ibara ya 145 na 146, kwa hiyo kuzifuta tena si jambo la tamko la jukwaani. Lakini mtu aliyekulia miaka ile kumi na miwili hakuona diwani, aliona ofisa. Simshangai akiendelea kuwaona maofisa tu.

Fedha ndiyo inayoonyesha nani ana nguvu. Kodi ya maendeleo, ile ambayo watu walikuwa wakikimbizwa nayo hadi porini, ilifutwa mwaka 2003 na Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi. Hakuna aliyeililia, lakini mfuko wa halmashauri ulipungua. Kodi ya majengo sasa unailipa kidogo kidogo kila unaponunua umeme wa LUKU, na haiingii moja kwa moja halmashauri. Kilichobaki kikubwa kwa huku kwetu ni ushuru wa mazao, na zao ni korosho. Kiwango kwa mazao ya biashara kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 mwaka 2017, na anayelipa ni mnunuzi, korosho ikishauzwa mnadani kupitia ghala. Kwa hiyo bei ikianguka Oktoba au mvua ikiharibu maua, si mkulima peke yake anayefunga mkanda. Afisa elimu naye anapunguziwa mafuta ya kuzungukia shule.

Turudi shuleni, maana hapa ndipo watu hugonga milango isiyo yao. Shule ya msingi ya serikali ni mali ya halmashauri: kiwanja, madarasa, madawati, vyoo. Mwalimu anafanya kazi chini ya halmashauri, lakini mshahara wake unatoka Hazina, ajira yake siku hizi inapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na nidhamu yake iko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Anachofundisha kinatungwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtihani ni wa NECTA, Baraza la Mitihani. Anayekuja kukagua kama mwalimu anafundisha vizuri ni mthibiti ubora wa shule, na huyo ni wa Wizara ya Elimu, hata kama ofisi yake iko hatua chache kutoka kwa mkurugenzi.

Kwa hiyo paa likivuja, ni halmashauri. Mwalimu wa hisabati akikosekana mwaka mzima, halmashauri inaweza kumhamisha mmoja kutoka shule nyingine ya kwake, lakini kuajiri mpya haiwezi. Diwani anayeahidi kwenye kampeni kwamba ataleta walimu kumi anaahidi mali ya mtu mwingine.

Kisha kuna ruzuku. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, mwanafunzi wa shule ya msingi ametengewa shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 huja kwenye akaunti ya shule. Chukua shule ya watoto 400: ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi. Hapo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika na mpira wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Bati halimo, na halikukusudiwa kuwemo. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 ulimwachia mzazi sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto wa kutwa. Madarasa ni wajibu wa serikali. Lakini kila anayeishi huku anajua kwamba kuta huanza na wananchi, halafu ndipo barua ya mabati inaandikwa.

Barua hiyo, ikiandikwa vizuri, haianzi kwa mkurugenzi. Inaanza kwenye kamati ya shule, ambamo mwalimu mkuu ndiye katibu, inapita kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, na inaingia Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kwa ufupi watu huiita WDC. Ikitoka pale na muhtasari, inakwenda halmashauri ikiwa na diwani nyuma yake, si karatasi peke yake. Mwalimu mkuu aliporudi likizo alicheka hadi akakaa chini. "Mmempelekea mtu barua ya mtoto wa jirani," akasema, "tena bila hata kumwambia jirani."

Tofauti ya kijiji na mtaa nayo ina uzito, ingawa kwa masikio inafanana. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, nayo ni mtu kisheria, ina ardhi na mkutano mkuu wa watu wote wenye miaka 18 na zaidi. Kamati ya mtaa haina hadhi hiyo. Mji unapopanuka na kijiji kikageuzwa mtaa, watu hupata taa za barabarani, na wakati huohuo wanapoteza chombo kilichokuwa na sauti juu ya ardhi yao. Sijawahi kuona hilo likielezwa kwenye sherehe ya kupandishwa hadhi.

Maktaba ndiyo iliyonishangaza kuliko yote, kwa sababu nilidhani iko kundi moja na shule. Maktaba za umma ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, chombo cha Wizara ya Elimu chenye sheria yake ya mwaka 1975. Ni bodi hiyo hiyo yenye Maktaba Kuu ya Dar es Salaam iliyofunguliwa Desemba 9, 1967. Maktaba ya mkoa iliyopo Mtwara mjini na ile ya Lindi mjini ni za bodi, na mkutubi wake ni mtumishi wa bodi, si wa manispaa. Halmashauri inaweza kutoa kiwanja au chumba, lakini vitabu, wakutubi na taratibu vinatoka kwa bodi. Ukiandika barua ya malalamiko kuhusu saa za kufungua, diwani atakusikiliza kwa upole na hatakuwa na la kufanya. Na mtoto wa Masasi anayetaka kuazima kitabu maktaba ya mkoa yuko mbali nayo kilomita kama 200.

Maktaba ya shule ni habari nyingine. Hiyo ni ya shule, kwa hiyo ya halmashauri, na mara nyingi ni kabati. Kwenye shule yetu kabati lilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, lina vitabu vya kiada vya ile sehemu ya 4,000 na hadithi chache zilizoletwa na wafadhili, na kufuli lake lilikuwa jipya kuliko vitabu. Tulipokaa kuandika barua ya pili, safari hii kwa halmashauri iliyo sahihi na kwa njia iliyo sahihi, mzee alitaka tuongeze aya ya kuomba maktaba. Mwalimu mkuu akamwambia kwamba aya hiyo itachelewesha mabati, na kwamba kabati halihitaji barua ya mtu. Kamati ina uwezo wa kuamua lifunguliwe lini na nani ashike ufunguo.

Waliandika kwenye muhtasari: Jumatano na Ijumaa baada ya vipindi, ufunguo kwa mwalimu wa darasa la tano. Mabati tulikuwa bado tunayasubiri.