Mashine ya moyo na mapafu: hujafa, ila mwili hauipendi

Eti ukiwekwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, ile inayofanya kazi yao wakati wa operesheni ya moyo, unakuwa umekufa, madaktari wakimaliza wanakufufua. Hapana bana. Moyo umesimama kweli, tena makusudi, wanaupa dawa ya potasiamu unatulia tuli ili daktari asishone kitu kinachorukaruka, lakini damu inaendelea kuzunguka, inatoka kwenye mishipa mikubwa, inapita kwenye mashine inapewa oksijeni, inarudishwa kwenye aota, ule mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, lita kama 4 au 5 kila dakika kwa mtu mzima. Na moyo hautolewi nje, uko palepale kifuani, labda kama unabadilishiwa mwingine.

Sasa hii ndo inatia watu presha: mgonjwa anatoka kavimba uso, macho hayafunguki vizuri, ndugu wanaanza, "wamemharibu". Mara nyingi hakuna aliyemharibu. Damu maisha yake yote imegusa ukuta wa mishipa tu, ghafla inagusana na plastiki, mwili unajua umevamiwa, kinga yote inaamka kama vile kuna maambukizi makubwa, mishipa midogo inaanza kuvujisha maji. Halafu mashine yenyewe kabla ya kuanza inajazwa maji ya dripu, lita moja au zaidi, nayo yanaingia humohumo, kwa hiyo damu inakuwa nyepesi na mtu anaongezeka kilo kadhaa bila kula chochote. Anapewa dawa za kukojoa, siku zinavyoenda anapungua.

Mwingine atasema mipira inayotoa damu kifuani ni dalili kuwa operesheni imefeli. Ile damu kidogo inategemewa. Wanampa heparini maana bila hiyo damu ingeganda ndani ya mashine, mwishoni wanaizima kwa protamini, ila chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinakuwa zimeshachoka na ile safari ya kwenye mashine. Damu ikizidi ndo wanarudi kuangalia.

Na la mwisho, "amechizika". Mzee anaona wadudu ukutani, anataka kuchomoa dripu, hamjui mtoto wake. Hiyo inatokea sana baada ya operesheni kubwa, hasa kwa wazee, na wengi inaisha baada ya siku chache. Msibishane naye kuhusu wadudu. Mwambieni yuko wapi, leo ni siku gani, na mrudishieni miwani yake.