Mmoja akiingia, timu yote hubadilika

Mwaka 1965 mwanasaikolojia wa Marekani, Bruce Tuckman, alipitia maandiko ya utafiti wa vikundi vidogo akapendekeza hatua nne: kujuana, kuvutana, kukubaliana taratibu, kisha kuchapa kazi. Mwaka 1977 yeye na Mary Ann Jensen waliongeza ya tano, kuvunjika kwa kikundi. Viongozi wengi huzichukulia hatua hizi kama ngazi ambayo ukishaipanda hushuki tena. Timu hushuka, tena mara nyingi kinachoishusha ni kubadilika kwa watu.

Piga hesabu. Watu 8 wana jozi 28 za watu wanaopaswa kuelewana. Mmoja akiondoka na mwingine akishika nafasi yake, jozi 7 zimekufa na nyingine 7 zinaanza sifuri. Mgeni hajui nani huulizwa nini, wala kwamba fulani akinyamaza kikaoni huwa amepinga. Kumkabidhi faili la taratibu hakutoshi. Keti na timu nzima kwa saa moja, mjibu upya: nani ana kauli ya mwisho kwenye jambo gani? Kazi hukabidhiwaje? Tukitofautiana, tunamalizaje? Mara nyingi wenyeji ndio hugundua kwamba majibu yao hayafanani.

Mvutano ukizuka, usikimbilie kuuzima. Sikiliza kinachobishaniwa. Ikiwa ni njia ya kufanya kazi, waache wabishane mpaka uamuzi upatikane. Ikiwa kila hoja inaishia “kwani yeye ni nani hata aamue?”, basi mipaka ya majukumu haijulikani, na semina ya mshikamano haitaiweka. Iandikeni.

Kuna jambo jingine linalosahaulika: saa. Mwaka 1988 mtafiti Connie Gersick alichapisha utafiti wa timu 8 zilizokuwa na tarehe ya mwisho. Kila moja ilishika mwelekeo wake mapema, ikaung'ang'ania hadi karibu nusu ya muda, kisha ikabadilika kwa ghafla. Kwa hiyo, kwa kazi ya wiki 12, tangu siku ya kwanza panga kikao cha mwishoni mwa wiki ya 6, na swali liwe moja: tungeanza leo, tungeifanya hivi hivi? Wiki ya 2 timu haina cha kulinganisha. Wiki ya 10 hata kasoro ikionekana, muda uliobaki ni wa kuweka viraka tu.